Nilinunua Mashine ya Kuvuna Tumbaku, Ikanilipa kwa Mbolea: Uzoefu Wangu

Nianze na jibu, maana najua wengi mnatafuta hilo tu: ndiyo, ningeinunua tena. Ila sababu ingekuwa nyingine. Mimi nilitaka mashine ya kuvuna. Muuzaji alinisifia kuvuna, picha zote alizonionyesha zilikuwa za kuvuna, na kifaa cha mbolea kilitajwa mwishoni kama nyongeza. Baada ya misimu kadhaa naona kazi yake kubwa ni mbolea, na uvunaji unategemea mbolea hiyo ilivyowekwa.

Kwa asiyeijua, ni gari refu la kupita juu ya mimea. Fremu imeinuliwa kiasi kwamba tumbaku iliyokomaa inapita chini yake bila kuguswa. Injini ni ya dizeli, magurudumu yanazungushwa kwa haidroliki, kwa hiyo hakuna habari ya klachi. Unasukuma mpini na mwendo unaongezeka taratibu. Juu ya fremu unafunga kifaa cha kazi ya wakati huo: matangi ya mbolea mwanzoni mwa msimu, kisu cha kukata vilele na bomba la kupulizia dawa ya kuzuia machipukizi katikati, kisha kichwa cha kuvunia na mikanda ya kubebea majani.

Kichwa cha kuvunia kinafanya kazi hivi. Kuna roli mbili zenye msokoto wa mpira, moja kila upande wa tuta, zinazunguka kuelekea chini. Shina linapita katikati, mpira unagonga kikonyo cha jani pale linaposhikana na shina, jani linakwanyuka na kuangukia kwenye mkanda, mkanda unalipandisha mpaka kwenye tela. Dereva anashusha na kupandisha kichwa kwa haidroliki kulingana na majani anayoyataka. Kichwa kikiwa kimekaa sawa, inapendeza kuangalia.

Tatizo ni kwamba kichwa hicho hakina macho. Tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa hewa ya moto, inaiva kuanzia chini kwenda juu, na kila awamu unachuma majani mawili hadi manne kwa mmea, kisha unasubiri wiki moja au zaidi kidogo yaive mengine. Mchumaji wa mkono akifika kwenye mmea anatazama jani limepauka kiasi gani na mshipa wa kati umeanza kuwa mweupe au bado. Lililochelewa analiacha. Mashine inafuata urefu tu, kama kinyozi aliyefunga kichanio cha namba moja: kila anayekaa kwenye kiti anatoka na kipimo kilekile. Mmea uliopata naitrojeni nyingi kutoka kwenye mbolea bado una majani ya chini ya kijani kibichi, jirani yake aliyepunjwa ameshakuwa wa njano, na wote wawili wanaingia kwenye tela moja.

Hasara yake utaiona kwenye bani, yaani nyumba ya kukaushia majani. Hatua ya kwanza ya ukaushaji ni kugeuza rangi, joto likiwa nyuzi 35 hadi 40 hivi na unyevu mwingi. Jani lililoiva linakuwa njano mapema. Lile bichi linakutazama tu na ukijani wake. Ukilisubiri, yaliyoiva yanaanza kuwa na mabaka ya kahawia. Ukipandisha joto kuyaokoa yaliyoiva, bichi linakaukia na ukijani wake, na hakuna wa kukupa daraja la maana kwa jani la kijani. Bani moja haliwezi kuwa na joto la aina mbili.

Ndiyo maana nasema kifaa cha mbolea ndicho kilichonilipa. Tumbaku ya mvuke si mlafi wa naitrojeni. Mara nyingi miongozo inakaa kati ya kilo 55 na 90 kwa hekta, kutegemea udongo. Mahindi yanaweza kupewa mara mbili ya hapo na yakashukuru. Tumbaku ukiizidishia inakuwa na majani mazito meusimeusi yasiyotaka kuiva, na nikotini inapanda. Ukiipunja inageuka njano kabla ya wakati, jani jepesi kama karatasi. Nafasi ya kukosea ni ndogo, na kwa kopo la mkononi kila mtu ana kipimo chake: asubuhi anaweka vizuri, jua likipanda anamwaga.

Kwa mashine nilianza na mizani. Mistari yangu imeachana mita 1.2. Hekta ni mita za mraba 10,000, kwa hiyo ndani yake kuna mita 8,333 za tuta. Nikitaka naitrojeni kilo 30 kutoka kwenye CAN, mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni asilimia 27, nahitaji kilo 111 kwa hekta, yaani gramu 13 na kidogo kwa kila mita. Nafunga mfuko wa plastiki kwenye kila mdomo wa mbolea, natembeza mashine mita 50 kwa mwendo uleule nitakaoutumia shambani, kisha napima. Midomo miwili ya mstari mmoja inatakiwa kutoa karibu gramu 670 kwa pamoja, nusu kwa nusu.

Jaribio la kwanza, mfuko wa kulia ulikuwa mzito kuliko wa kushoto hata kwa kuushika tu. Kitabu cha mashine kilisema mlango wa tangi ukae alama ya nne pande zote mbili, na alama zilikuwa sawasawa kabisa. Roli la meno linalosukuma mbolea upande wa kushoto ndilo lililokuwa limekaa juu kidogo ya mwenzake, tofauti ya unene wa kucha. Fundi alilegeza nati mbili, akaweka washa, kile kipete cha chuma cha chini ya nati, tukapima tena. Alama za kiwandani ni za kuanzia tu, mizani ndiyo yenye neno la mwisho. Na kila ukibadilisha aina ya mbolea pima upya, kwa sababu punje hazilingani ukubwa wala uzito.

Mbolea inashuka kwenye mifereji miwili, sentimita 10 hivi kila upande wa shina, na inafukiwa palepale. Kopo linaiacha juu ya tuta, mvua ya kwanza inaihamisha. Faida nyingine inaonekana mvua kubwa zikipiga kwenye udongo wa kichanga na kuisukuma naitrojeni chini ya mizizi. Ukitaka kurudishia kidogo, mimea imeshapita urefu wa trekta la kawaida. Gari refu linaingia bila kuvunja jani. Hapo nilimkumbuka muuzaji kwa wema.

Potasiamu nayo usiisahau, na chunguza mfuko. Tumbaku inataka potasiamu ya salfeti. Ile ya kloridi ni rahisi kupatikana, lakini klorini ikizidi jani linanyonya unyevu na haliungui vizuri, na mnunuzi anajua.

Msimu uliofuata baada ya kuipima mashine vizuri, shamba liliiva kwa mstari. Kichwa cha kuvunia ambacho mwanzo nilikuwa nakilalamikia kikaanza kuleta majani ya rangi moja, bila kubadilishwa hata boliti. Chuma kilikuwa kilekile.

Sasa kasoro, maana zipo.

Kubadilisha vifaa. Muuzaji alisema ni kazi ya saa moja. Labda kwake, kwenye sakafu ya saruji na winchi juu ya kichwa. Kwangu kichwa cha kuvunia ni kizito, mipira ya haidroliki imejaa, na viungio vyake vikiingia vumbi havishikani mpaka uvisafishe kimojakimoja. Asubuhi nzima inakwenda. Mtu anayefikiri atavuna leo, kesho aweke mbolea, keshokutwa arudi kuvuna, ajiandae kisaikolojia. Kwa bahati nzuri tumbaku haidai hivyo, kazi hizo zinafuatana.

Kutu. Mbolea ni chumvi, na matangi yana boliti za chuma cha kawaida mahali ambapo pangetakiwa chuma kisichoshika kutu. Usipoosha siku ileile ukamaliza kwa grisi, mnyororo wa roli unakaza. Hapa waliotengeneza walibana matumizi pasipostahili.

Utomvu. Anayechuma tumbaku anaijua ile gundi nyeusi inayobaki viganjani. Inajaa kwenye roli za mpira, inashika mchanga, mpira unakuwa msasa na unaanza kuchana majani badala ya kuyakwanyua. Majani ya chini kabisa ndiyo mabaya zaidi kwa sababu mvua imeshayarushia mchanga. Maji ya moto, sabuni na brashi ngumu kila jioni, hakuna njia ya mkato.

Mafuta ya haidroliki. Mpira mmoja ukivuja juu ya mkanda, una tela lenye majani ya mafuta, na mzigo wenye harufu ya mafuta unarudishwa. Ninakagua mipira kabla ya kuwasha, nikiwa na kitambaa cheupe. Mashine pia inazoa magugu, machipukizi na vipande vya shina, kwa hiyo bado unahitaji watu wa kuchambua kabla ya kupakia bani.

Mimea iliyolazwa na upepo inaishinda kabisa. Mistari isiyonyooka pia. Angalia hasa ule mstari wa kuungia, pale mashine ya kupandia ilipogeuka na kurudi. Nafasi ikipungua, gurudumu linapanda tuta la jirani.

Kuhusu afya, hili sikulitarajia kuwa kubwa hivi. Jani bichi lenye umande linapitisha nikotini kwenye ngozi, na wachumaji wanaishia kutapika, kichwa kinauma, wanapata kizunguzungu. Dereva anakaa juu, mkavu. Wanaopanga majani kwenye tela bado wanayagusa, kwa hiyo glavu na nguo ndefu ni lazima hata ukiwa na mashine.

Kabla hujaingia gharama, hesabu mabani yako. Mashine inajaza tela haraka, lakini bani la feni linashikilia mzigo karibu wiki nzima. Majani mabichi yaliyorundikwa yanapata joto yenyewe, na yale yaliyochubuliwa na roli yanageuka kahawia yakichelewa. Mwenye mabani mawili ataiegesha mashine siku nyingi kuliko atakazoiendesha. Mwenye shamba dogo la kugawanyikagawanyika namshauri aendelee na mikono, na atafute kifaa cha mbolea peke yake cha kufunga kwenye trekta dogo.

Wa tumbaku ya hewa na ya moshi, ambao wengi wao wanakata mmea mzima na shina lake, kichwa cha kuvunia hakiwahusu. Fremu, matangi na bomba la dawa vitawafaa, basi mnunue bila kichwa kama muuzaji anakubali. Wengine hukubali ukikomaa.

Kwenye za mtumba, rangi mpya isikudanganye. Shika kila roli ulitikise usikie kama beringi zina mchezo, tazama mikanda kwa chini mahali inapoungwa, na ingiza kidole kwenye midomo ya mbolea ukague kutu. Kisha mwombe muuzaji aweke mfuko mmoja wa mbolea kwenye matangi na atembee nayo mita 50 mbele yako. Mizani beba mwenyewe.