Uzoefu wangu: kupimwa koo kwa kamera hapa Mbeya baada ya sauti kukauka

Kazi yangu ni kusherehesha: harusi, sendofu, vipaimara, Mbeya mjini na mara nyingine Tukuyu au Makambako. Sauti ndiyo inayonilisha, kwa hiyo nasema mapema kwamba hela ya kipimo hiki haikupotea.

Sauti ilipoanza kukwaruza sikushtuka. Mwezi wa Juni na Julai, kwa baridi ya huku, nani hakwaruzi? Lakini baridi ikaisha, mimi bado naamka sauti haitoki mpaka saa nne asubuhi. Tangawizi, asali, kujifukiza majani ya mkaratusi, vyote nilishapitia. Duka la dawa likaniuzia antibayotiki. Mwishowe nikaenda kliniki ya masikio, pua na koo.

Kipimo chenyewe hakitishi kama watu wanavyosimulia. Unakaa kwenye kiti, unapuliziwa ganzi puani na kooni (ladha yake chungu kweli), kisha mrija mwembamba wenye kamera unapitishwa puani mpaka nyuma ya koo. Macho yanatoa machozi, lakini maumivu hakuna. Unaambiwa useme "iii", na nyuzi zako za sauti unaziona kwenye skrini zikifunga na kufunguka. Dakika chache tu. Ukitoka usile wala kunywa mpaka ganzi iishe, usije ukapaliwa.

Kwangu kilionekana kiuvimbe chekundu upande mmoja, nyuma kabisa, pale nyuzi zinapogongana juu ya gegedu. Daktari alikiita granuloma. Akanitofautishia na vinundu vya waimbaji na walimu, ambavyo kwa kawaida huota pande zote mbili, katikati ya nyuzi. Akauliza kama nimewahi kuwekewa mrija wa kupumulia wakati wa upasuaji, maana nao husababisha. Hapana. Basi akabaki na mambo mawili: kulazimisha sauti na kujikohoza kila saa, au tindikali ya tumbo inayopanda usiku.

Nikamwambia, "Daktari, mimi kiungulia sikijui." Akajibu kwamba wengi wa aina yangu hawakisikii. Umio una kinga kiasi dhidi ya tindikali, lakini sehemu yenye nyuzi za sauti kinga yake ni ndogo, kwa hiyo hata kidogo kinachofika huko, pamoja na pepsini inayomeng'enya nyama tumboni, kinaweza kuchubua. Kisha swali lililonimaliza: "Kaka, chakula cha usiku unakula saa ngapi?" MC hula wa mwisho. Saa sita usiku, pilau na kuku wa kukaanga, soda juu yake, halafu moja kwa moja kitandani.

Nilichompendea ni kwamba hakuniuzia uhakika. Alisema wekundu wa koo peke yake hauthibitishi tindikali. Akanitajia utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2021, wagonjwa 346 wenye koo linalosumbua: waliomeza lansoprazoli, dawa ya kupunguza tindikali ya tumbo, hawakupata nafuu kuliko waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Mimi alinipa omeprazoli, ya jamii hiyo hiyo, kwa kuwa uvimbe upo, nimeze nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, na Gaviscon, dawa ya kuzuia tindikali isipande, kabla ya kulala. Kukata kwa kisu alikataa kuanza nako. Kama chanzo bado kipo, kiuvimbe kinaota tena.

Kazi kubwa ikawa nyumbani na ukumbini. Matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, kwa sababu mito mingi inakunja tumbo tu. Mama watoto alilalamika kwamba anateleza, sasa amezoea. Kujikohoza nimeacha, nabugia funda la maji. Kula ni kabla ya sherehe, jioni mapema. Hapo ndipo penye shida: kamati za harusi huku zinaona MC asiyegusa sahani anawadharau. Siku hizi namwomba mama wa jikoni anifungashie, naonekana nimepokea.

Niliporudi baada ya miezi kadhaa kiuvimbe kilikuwa kimesinyaa, na sauti asubuhi inatoka. Ni dawa, ni saa ya kula, au ni kuacha kupiga kelele? Daktari mwenyewe alisema hawezi kuvitenganisha.

Kama sauti imekwaruza zaidi ya wiki nne, usimeze dawa za tumbo kwa kubahatisha, kaonwe. Na kama unavuta sigara, unakohoa damu, chakula hakishuki au una uvimbe shingoni, usisubiri hizo wiki nne.

Nyota nne kwa tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya foleni, na kwa sababu gharama ya kamera nilitajiwa nikiwa nimeshakaa kwenye kiti. Picha pia hawakunipa. Mara ya pili niliomba niipige kwa simu kutoka kwenye skrini, wakaniruhusu.