Green Stuff kazini: kumgeuza mwanajeshi wa plastiki kuwa askari wa Longido

Habari zenu watazamaji, karibuni mezani hapa Arusha. Leo tunaichambua Green Stuff, ile puti ya kijani ya kufinyangia visanamu vya michezo ya vita ya mezani, na tunaipima kwa kazi yenyewe. Kisanamu ni mwanajeshi wa Uingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, plastiki, milimita 28. Tunamgeuza awe askari wa jeshi la Wajerumani aliyepigana Longido tarehe 3 Novemba 1914, hapo juu tu ukishika barabara ya Namanga.

Mtauliza kwa nini tuanze na Mwingereza. Ni miguu. Vile vitambaa vya kuzungushia miundi tayari amechongwa navyo, na askari naye alivivaa. Mizunguko ile kuifinyanga kwa mkono inaumiza macho, kwa hiyo ukiikuta tayari, ilinde.

Chukua wembe wa upasuaji namba 11, kata kofia usawa wa juu ya masikio. Toboa tundu la milimita 0.8 katikati ya kichwa, chomeka waya wa kibanio cha karatasi, uache milimita 2 nje. Puti inahitaji kitu cha kushika. Ukiibandika juu ya plastiki tupu, tarbushi, ile kofia ya askari tunayoifinyanga, itang'oka siku kisanamu kikianguka.

Sasa puti yenyewe. Inakuja kama utepe, upande bluu, upande njano. Angalia pale rangi mbili zinapogusana: hapo imeshaanza kukauka ndani ya pakiti. Kata ukanda wa milimita 2 au 3 utupe. Usipoutoa utapata chembechembe ngumu ndani ya puti, na hakuna kulainisha kutakakozificha. Kisha chukua punje ya choroko ya bluu na punje ya choroko ya njano, kanda mpaka kijani kiwe kimoja bila mistari. Bluu ikizidi, inakauka ngumu na kingo zinakaa kali. Njano ikizidi, inabaki laini na inanata. Vaa glavu, maana puti mbichi inawasha ngozi.

Tarbushi ifanyeni kwa awamu mbili, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kwanza kiini kidogo tu kuzunguka waya, acha kikauke kabisa. Kesho yake ndiyo unaweka ganda la nje, mpaka kimo kifike kama milimita 3. Ukifanya vyote mara moja, kila unapobonyeza kitambaa cha kisogoni, kile kinachoning'inia nyuma ya kofia, kofia nzima inalala upande.

Kitambaa hicho cha kisogoni kinataka subira. Paka mafuta ya mgando kidogo kwenye rula ya plastiki, tandaza puti iwe nyembamba, nusu milimita hivi, kisha iache nusu saa. Inapoteza mnato lakini bado inapinda. Kata kipande cha milimita 6 kwa 4, geuza upande usio na mafuta ukae kichwani, halafu chora mikunjo miwili au mitatu kwa sindano iliyoloweshwa maji. Mitatu inatosha, kitambaa kidogo hivyo kikijaa mikunjo kinaonekana kama kabichi. Ikikauka, osha kisanamu kwa sabuni ya vyombo, la sivyo praima, rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, itabanduka palipobaki mafuta.

Jamani, hali ya hewa. Kwa joto la kawaida una kama saa moja na nusu ya kufinyanga, na saa 24 za kukauka. Moshi mwezi Februari muda huo unafupika, changanya kidogo kidogo. Arusha usiku wa Julai ni kinyume chake: asubuhi unaweza kuikuta bado inaingia ukucha. Iongezee siku, usiilazimishe jikoni. Joto kali linapinda plastiki kabla puti haijafaidika.

Bunduki nayo. Askari wengi walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, yenye urefu wa karibu mita 1.35. Kwa skeli ya 1:56, yaani kisanamu ni mara 56 mdogo kuliko mtu halisi, hiyo ni milimita 24. Lee-Enfield, bunduki ya Kiingereza ya kisanamu chetu, ni kama milimita 20. Kata mdomo wake, toboa, ingiza waya mwembamba wa shaba utokeze mpaka ifike 24. Waya na plastiki vinashikwa na supaglu. Gundi ya mabomba ya PVC isiguse hapa kabisa, inayeyusha plastiki hii mpaka umbo lipotee.

Tai wa chuma mbele ya tarbushi ni nukta ya milimita moja. Msihangaike na mabawa, rangi ya fedha itamaliza.

Hukumu yangu: kwa nguo, mikanda na chochote kinachopinda, inastahili fedha yake. Udhaifu wake ni kwamba hata ikikauka ina ulaini wa mpira, tupa na msasa vinaichana badala ya kuisawazisha. Kwa kingo kali kama kisanduku cha risasi, changanya nusu kwa nusu na Milliput, puti nyingine inayokauka ngumu, hiyo inakubali msasa. Na ile puti ya kijivu ya mafundi bomba inayouzwa madukani? Inakauka ndani ya dakika chache na ina chembe. Kwa uso, hapana. Kwa mawe ya kitako, pale kisanamu kinaposimama, nzuri sana na bei yake ni nafuu.

Ngozi msianze na nyeusi: anzeni na kahawia iliyoiva, kisha kahawia yenye wekundu kwenye mashavu, pua na vifundo vya vidole. Nyasi za kitako ni nyuzi za kamba ya katani, zikatwe milimita 5, zichomekwe kwa vishada kwenye gundi nyeupe. Vanishi ya kupuliza ipigwe siku kavu, saa za mchana. Masika ikipuliziwa kwenye unyevu inaacha ukungu mweupe, na kazi yote ya uso inafunikwa.