Fundi wa mtandao pale Mwanga, Kigoma: printa yangu haipotei tena

Jamani kama una steshenari au ofisi hapa Kigoma na mtandao unakutesa, nenda kwa huyu kijana wa Mwanga, mimi nimeteseka miezi mitatu bure.

Shida yangu ilikuwa hivi, umeme ukikatika ukirudi printa inapotea, kompyuta zote sita haziioni, na mteja amesimama pale na barua yake ya kazi anawahi gari. Fundi wa kwanza aliniambia ongeza spidi, nikatoka Mbps 10 nikaenda 20, hela ikaenda na printa vilevile. Huyu wa Mwanga kusikia hivyo akasema mama, kuprinti hakuhusiani na bando, kazi inatoka kwenye kompyuta inapita kwenye rauta inaingia kwenye printa, haitoki nje ya chumba hiki. Akachomoa waya wa intaneti pale pale, akaprinti. Nikabaki kinywa wazi.

Akanieleza kwa mfano wa gesti. Rauta ndo mtu wa mapokezi, kila kifaa kikiingia kinapewa namba ya chumba, hiyo ndo IP, na huko kugawa namba wanaita DHCP. Umeme ukikatika wageni wanatoka wote, wakirudi printa iliyokuwa chumba cha 5 inapewa cha 9, sasa kompyuta zinabaki zinagonga mlango wa 5 hakuna mtu. Dawa yake akachukua MAC ya printa, ile namba inayotoka nayo kiwandani, akaiandikisha kwenye rauta kwamba huyu chumba chake ni 192.168.1.200 siku zote, halafu akazielekeza kompyuta zote huko. Namba yenyewe kaiandika kwa maka peni kwenye selotepu juu ya printa, kazima umeme kawasha mara tatu nikiwa naangalia, mara zote karatasi ikatoka.

Tena kagundua na kitu ambacho hata sikuuliza. Nilikuwa nimeunganisha rauta ya zamani ili waifai ifike chumba cha nyuma, kumbe na yenyewe inagawa namba, yani mapokezi wawili kila mtu na daftari lake, wanapanga wageni wawili chumba kimoja, ndo maana mashine mbili zilikuwa zinakatika katika. Akaizimia DHCP, akaipa namba yake tofauti, ikatulia.

Na ile spidi nimeirudisha 10, maana kanifundisha kwamba Mbps ni megabiti kwa sekunde, unagawa kwa 8 kupata MB kwa sekunde, kwa hiyo faili la MB 100 linashuka kwa sekunde kama 80 hivi, kwa kazi zangu inatosha kabisa.

Amenitoza elfu 40. Ila kuchelewa anachelewa, aliniahidi saa tatu kaja saa saba, na simu hapokei akiwa kazini, mfuate dukani asubuhi mapema kabla hajaitwa Ujiji.