Her Story: upelelezi wa kutafuta neno kwa neno

Her Story ya Sam Barlow ilitoka Juni 2015 kwa kompyuta na vifaa vya Apple, Android ikafuata 2016, na bado sijakutana na gemu la upelelezi linalomwamini mchezaji kiasi hiki. Huendeshi mhusika, huna ramani wala bunduki. Umeketi mbele ya kompyuta kuukuu ya polisi wa Uingereza yenye mahojiano saba ya mwaka 1994. Mwanamke mmoja, anayeigizwa na Viva Seifert, anahojiwa kuhusu mumewe Simon aliyetoweka. Mahojiano yamekatwakatwa kuwa vipande 271: vingine vya sekunde chache tu, vingine virefu kiasi cha kukufanya uandike.

Kisanduku cha kutafutia tayari kina neno MURDER. Bonyeza, tazama, kuanzia hapo hakuna anayekuelekeza.

Mambo mawili yanaamua kila kitu. La kwanza, utafutaji unasoma maneno aliyotamka mwanamke peke yake. Maswali ya wapelelezi hayamo. Unaweza kupata "No" kavu bila kujua amekana nini, na swali lenyewe ulikisie kutokana na majibu ya jirani. La pili, hata neno likiwa kwenye vipande hamsini, unafunguliwa vitano vya mwanzo kwa mpangilio wa tarehe. Ukiandika Simon utazunguka kwenye mahojiano ya awali tu, na ya mwisho, ambako ndiko kwenye nyama, yatabaki yamefichika.

Wengi hukwama hapa kwa kuandika maneno ya kipolisi. Huyu mama anazungumza kama mtu anayesimulia maisha yake, kwa hiyo tafuta vitu vya nyumbani: nguo, kinywaji, zawadi, kifaa, mahali. Jina lililotajwa mara moja tu lina thamani kuliko jina la Simon. Matokeo yakizidi vitano, ongeza neno la pili ili ubaki na vipande vyenye yote mawili.

Kiingereza chake si kigumu, na manukuu yapo. Shida ni kwamba kuelewa neno hakutoshi, lazima likujie kichwani ndipo uliandike. Andaa visawe. Kumbuka pia kwamba ni Kiingereza cha Uingereza: mama ni "mum", si "mom".

Chukua daftari halisi. Kila kipande kina tarehe na saa kwenye picha, na mavazi hubadilika kutoka mahojiano hadi mahojiano. Ukiandika tarehe, vazi na neno jipya ulilosikia, mfuatano unajipanga wenyewe. Unaweza pia kuviwekea vipande lebo zako ukazitafuta baadaye, ila kikomo cha vitano hakiondoki. Jambo jingine: tazama mikono na nywele zake kabla ya kushika anachosema. Siongezi hapo, nisikuharibie uhondo.

Kwenye skrini ya mwanzo kuna programu inayoonyesha kwa vimraba ni vipande vipi umeshavitazama. Itumie kuona pengo liko mahojiano gani. Mng'ao wa taa kwenye kioo cha kompyuta unaweza kuuzima, lakini uache kwanza. Haukuwekwa kwa mapambo.

Udhaifu upo. Hadithi ikishakukaa, kuwinda vijibu vya neno moja vilivyobaki ni kazi ya karani, nami siipendekezi. Gemu halikutangazii mkosaji pia: wakati fulani ujumbe utakuuliza kama umetosheka, na ukikubali linafungwa. Anayetaka hukumu isomwe mahakamani atakasirika. Kwenye simu linachezeka, ila kuandika maneno mengi kunataka kibodi ya kweli.

Telling Lies ya 2019 inafuata mtindo huohuo, lakini video inaanzia pale neno linapotamkwa, na kurudisha nyuma kila mara kunachosha. Kama tatizo lako ni Kiingereza, bora Immortality ya 2022: huandiki kitu, unabonyeza uso au kikombe kilicho kwenye picha, unarushwa kwenye tukio jingine lenye kitu kama hicho. Rudisha filamu nyuma polepole kila usikiapo mvumo wa ajabu. Ila ina utupu na damu, usiifungue sebuleni watoto wakiwepo.