Kitalu cha miche barabara ya Malindi: kila mche na jina lake kamili

Ukitafuta miche ya miti ya mbao huku Kilifi, na hasa mukau, nenda kwa yule mama mwenye kitalu kando ya barabara kuu ya Malindi, upande wa bahari, penye banda la makuti na mkilifi, yaani mwarobaini, mkubwa mbele yake. Bei zake ziko juu kidogo kuliko za vitalu vingine. Mimi nazilipa kwa moyo mweupe, kwa sababu kila fungu la miche pale lina kibao, na kila kibao kina jina la kisayansi lililoandikwa sawasawa. Mimi ni seremala. Mti nisioujua jina lake vizuri ni hasara nitakayoiona baadaye.

Nianze na mukau, maana ndio ulionipeleka. Ni mti wa nyika kavu, unaota Kenya, Tanzania, Somalia na Ethiopia. Mbao yake inakubali randa, mchwa hawaipendi, na ukiutunza vizuri unavuna baada ya miaka 10 hadi 15. Shida iko kwenye mbegu. Kokwa lake ni gumu sana, na ukilifukia zima unaweza kungoja mpaka uchoke. Mama aliniketisha kwenye kigoda akanionyesha kazi yenyewe. Analilaza kokwa juu ya gogo lililochongwa kijishimo, anatega kisu kwenye ncha yake, anagonga na nyundo taratibu mpaka lipasuke kwa urefu bila kuiponda mbegu. Halafu anaichanja ganda kidogo kwa wembe kwenye ncha, anailoweka, ndipo inaingia mchangani. Nilimwuliza kokwa ngapi huharibika. "Fundi," akaniambia, "mkono ukiwa na haraka, zote."

Kazi hiyo ndiyo inayoufanya mche wa mukau kuwa ghali, na ndiyo inayowapa tamaa wauzaji wengine wa kando ya barabara. Kuna ndugu yake mukau, yule wa maua ya zambarau ambaye watu humwita mmelia au mwarobaini nusu. Mbegu zake zinaota bila taabu. Akiwa mche mdogo anafanana mno na mukau. Jirani yangu aliuziwa miche yake ya shamba zima kwa bei ya chini, akapalilia, akapogolea, mpaka maua yalipotoka yakawa ya zambarau. Mukau hutoa maua meupe. Kisheria ungemshtaki nani? Muuzaji angesema, na kweli, kwamba wote wawili ni "melia".

Ndipo ninapokisifu kitalu hiki. Mama amepanga miche mitatu mstari mmoja, makusudi, ili mteja aione kwa macho yake. Kibao cha kwanza: Azadirachta indica A.Juss., huyu ni mwarobaini, ambao sisi huku twauita mkilifi. Cha pili: Melia azedarach L. Cha tatu: Melia volkensii Gürke, yaani mukau. Kisha anakushikisha majani. Jani la mwarobaini lina uti mmoja na vijani vimejipanga huku na huku. La hao wengine wawili limegawanyika mara ya pili, uti unazaa vijiti na vijiti ndivyo vinavyobeba vijani. Kuwatenganisha hao wawili ni kazi zaidi: pitisha kidole kwenye jani changa la mukau, utasikia vinywele vingi laini. Kwa mwenziwe vijani ni vitupu na vina meno pembezoni.

Jina la kwanza ni la jenasi, yaani kundi la mimea ya ukoo wa karibu, la pili linataja spishi, yaani mmea wenyewe ndani ya kundi hilo, na zile herufi za mwisho ni za mtu aliyelitangaza jina hilo kwa maandishi. L. ni Linnaeus, yule Mswidi ambaye kitabu chake cha mwaka 1753 ndicho chanzo cha kuhesabia majina ya mimea. Na hapa mama alinifungua macho. Linnaeus mwenyewe aliwaweka mwarobaini na mmelia kwenye jenasi moja, mmoja akamwita Melia azadirachta na mwingine Melia azedarach. Herufi chache tu zawatenga. Mwaka 1830 Mfaransa Adrien de Jussieu ndiye aliyemtoa mwarobaini na kumpa jenasi yake, Azadirachta. Mukau naye jina lake linamkumbuka Georg Volkens, Mjerumani aliyekusanya mimea Kilimanjaro miaka ya 1890. Wote watatu wako familia moja, Meliaceae, pamoja na mkangazi. Basi mkanganyiko wa hapa barabarani una historia ndefu, lakini dawa yake ipo, na imeandikwa kwenye kibao cha mbao kwa rangi nyeusi.

Sikujua maana ya mabano mpaka nilipofika kwenye mvule. Kibao chasema Milicia excelsa (Welw.) C.C.Berg. Aliye ndani ya mabano, Welwitsch, ndiye aliyeutaja mti huo kwanza, akauweka pamoja na miforosadi. Aliye nje, Berg, ndiye aliyeuhamishia jenasi ya Milicia mwaka 1982. Katikati hapo ulikuwa ukiitwa Chlorophora excelsa, na bado utaliona jina hilo kwenye vitabu vya zamani vya misitu na kwenye orodha za wauza mbao. Mama ameliandika pia, kwa herufi ndogo chini. Hilo jambo dogo limenisaidia kuliko maelezo mengi ya maofisini, kwa sababu jina la zamani halifi. Linabaki likielekeza kwenye mti uleule, mradi mtu akuambie kwamba ni uleule.

Kwa sisi wa mbao faida iko hata mpakani. Gogo ninaloliita mbambakofi, mfanyabiashara wa Dar es Salaam ataliita mkongo. Sote wawili twazungumzia Afzelia quanzensis Welw. Siku hizi nikiagiza naandika jina hilo kwenye ujumbe, na mabishano ya "huo siyo niliokuambia" yamekwisha.

Kuna majina yanayodanganya, na mama hayaogopi. Mkwaju ni Tamarindus indica L., ingawa asili yake ni Afrika. Mteja mmoja alikuwa akimsihi afute hilo "indica". Mama akamweleza kwamba jina lililotangazwa kwa kufuata kanuni halifutwi eti kwa sababu maana yake haipendezi, la sivyo kila nchi ingekuwa na lake. Nakubaliana naye kabisa.

Lakini kwenye migunga sikubaliani naye. Vibao vyake bado vyasema Acacia. Wenye elimu hiyo waligundua kwamba jenasi ile kubwa haikuwa ukoo mmoja, ikabidi igawanywe, na ikazuka swali nani abaki na jina. Mfano rasmi wa jenasi, ule mmea ambao jina limefungwa kwake, ulikuwa mgunga wa kwetu, Acacia nilotica. Mkutano wa wataalamu wa mimea wa dunia huko Vienna mwaka 2005 uliidhinisha kuubadilisha mfano huo, jina likaenda kwa miti ya Australia ambayo spishi zake zakaribia 1,000, na Melbourne mwaka 2011 uamuzi ukasimama. Ya kwetu sasa ni Vachellia na Senegalia. Mama anasema Afrika ilionewa, naye hataandika. Uchungu wake nauelewa, nami pia nimeusikia. Hata hivyo mteja anayetaka kusoma habari mpya za mti wake anahitaji jina la sasa, na angalau liwekwe chini kwa herufi ndogo kama alivyofanya kwenye mvule.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kibao kimoja cha nyuma, karibu na tangi la maji: Ficus sp. Basi. Maana yake ni kwamba jenasi anaijua, ni jamii ya mikuyu, ila spishi hajathibitisha, na hatabuni. Miti hiyo anaiuza kwa bei ya chini mpaka atakapopata tawi lenye matunda. Akilipata huwa analibana katikati ya magazeti likauke, anaandika mahali na tarehe, kisha analituma Nairobi, kwenye hebaria ya Makumbusho ya Taifa, likalinganishwe na sampuli zilizohifadhiwa huko. Muuza miche anayekubali kuandika "bado" mbele ya mteja mwenye pesa mkononi, huyo namwamini hata kwa yale nisiyoweza kuyapima.

Miembe ya kuunganisha iko, na imeandikwa kama inavyotakiwa: Mangifera indica 'Ngowe', Mangifera indica 'Apple', jina la aina likiwa ndani ya alama zake. Sikununua, kwa hiyo ladha siisemei.

Kasoro ni mbili. Rangi ya vibao vya upande wa magharibi imepauka kwa jua, na viwili sikuweza kuvisoma kabisa. La pili, miche ikishatoka kwenye fungu lake haina alama tena, nawe ukichanganya kwenye gari jina limepotea njiani. Nilimwomba afunge kitambulisho kwenye kila kumi, akasema ataangalia. Kwa sasa beba kalamu ya wino usiofutika, uandike mwenyewe kwenye nailoni kabla ya kupakia.

Mukau ni shilingi 100 kwa mche, mwarobaini 40, malipo kwa simu au taslimu. Punguzo lipo ukichukua mingi, lakini omba kwa adabu, si mtu wa kuvutana. Kabla ya mvua za masika mukau huisha haraka, kwa hiyo agiza mapema na uache arubuni. Ijumaa baada ya saa sita hafungui mpaka watu watoke msikitini.