Mpira wa mkojo wa silikoni, Foley namba 16: bei imepanda, lakini una sababu

Kwa mgonjwa aliyezibwa mkojo na tezi dume, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo) ikiwa imeanza kupanda, chukua huu, si ule wa njano wa lateksi. Ukuta wake ni mwembamba, kwa hiyo namba 16 ile ile ina tundu kubwa zaidi. Mabonge madogo ya damu na chenga za chumvi hupita bila shida. Hukaa hadi wiki 12, wakati wa njano haufai kupita wiki 4.

Kasoro ni puto, lile linaloshikilia mpira ndani ya kibofu. Silikoni hupoteza maji kidogo kidogo, puto likinywea mpira unachomoka. Jaza mililita 10 za maji tasa, si salaini (maji ya chumvi): chumvi huganda kwenye kijia cha puto, na siku ya kutoa inakuwa kasheshe. Tena usijaze kabla mkojo haujatoka. Puto likivimba kabla ya kufika kibofuni hupasua njia ya mkojo.

Mfuko uliofungashwa nao ni wa lita 2, hauna chemba ya kupimia kila saa. Hapo mtengenezaji kabania. Mgonjwa aliyezibuliwa anaweza kutoa zaidi ya mililita 200 kwa saa, na asipofidiwa maji figo huumia upya. Mkojo ukikata ghafla, kabla ya kukimbilia Lasix (dawa ya kuongeza mkojo), angalia kama mrija umejikunja au mgonjwa ameulalia, kisha sukuma mililita 50 za salaini taratibu kwa bomba la sindano lenye ncha pana.