Kliniki ya tumbo, Upanga: walianza na maisha yangu, vipimo vikafuata

Nimeenda kliniki hii mara saba tangu mwezi wa tatu, kwa hiyo siandiki kwa kuona mara moja. Nawapa nyota nne.

Mimi nauza vitunguu. Nilikuwa Soko Kuu la Kariakoo mpaka usiku wa tarehe 10 Julai 2021 lilipoungua; mzigo ukateketea, mkopo ukabaki. Tangu mwaka ule tumbo halijatulia. Linanyonga chini ya kitovu upande wa kushoto, nikienda haja napata nafuu, baada ya muda linaanza upya. Wiki hii naharisha, wiki ijayo choo kama cha mbuzi. Nilizunguka zahanati: huku amiba, kule taifodi, kwingine vidonda vya tumbo. Dawa za amiba peke yake nimemeza dozi tano ndani ya mwaka mmoja. Mahali pengine vipimo vilipotoka safi niliambiwa, "Mama huumwi, punguza mawazo." Nililia kwenye daladala mpaka Mbagala.

Hapa daktari ni binti mdogo. Aliniamkia kabla hata hajakaa, akaviweka kando vyeti vyangu, akauliza: "Mama, mwaka huo tumbo lilipoanza, kulitokea nini nyumbani?" Nikaanza na soko, nikajikuta nimefika kwenye vipigo vya utotoni, mambo ambayo hata mume wangu sijamsimulia. Hakunikatisha. Tulikaa karibu saa nzima.

Kisha akanieleza kwa Kiswahili kilichonyooka. Utumbo una neva zake, mamilioni kwa mamilioni, na muda wote unapashana habari na ubongo. Mtu akiishi na hofu muda mrefu, homoni za mshtuko hubadili mwendo wa utumbo, na zile neva huwa kali: gesi ambayo mwenzako haisikii, kwako ni kisu. Na aliyeonja hofu tangu mtoto yumo hatarini zaidi. Ugonjwa wenyewe wanauita IBS, kifupi cha Kiingereza, yaani utumbo unaosumbuka kwa urahisi. "Maumivu yako ni ya kweli, mama," alisema, "ila hakuna kidonda cha kukuonyesha kwenye picha." Hakunibandika jina hilo juujuu, aliuliza kama choo kina damu, kama nimekonda, kama maumivu huniamsha usiku, akapima na damu, maana dalili hizo zingetaka uchunguzi mwingine.

Kilichonifungua macho ni daftari. Kila siku mistari mitatu: nimekula nini, kumetokea nini, tumbo limekuwaje. Baada ya wiki nne tulilifungua pamoja, yeye ameshika kalamu nyekundu. Akazungushia siku mbaya kuliko zote. Alhamisi, Alhamisi, Alhamisi, Alhamisi. Hiyo ndiyo siku ya marejesho ya kikundi chetu. Jumatano usiku nilikuwa nimekula wali na samaki uleule wa Jumatatu, na Jumatatu tumbo lilikuwa kimya. Nilikaa nikautazama ule ukurasa muda mrefu, maana miaka yote nilikuwa nalaumu maharage.

Maharage nayo yana lake, na vitunguu vilevile: vina sukari ambayo utumbo mwembamba hauifyonzi, ikifika utumbo mpana bakteria wanaichachusha, gesi inajaa. Sasa napikia majani ya kitunguu.

Nimepewa dawa ya kulegeza misuli ya utumbo, naimeza kabla ya chakula, na vikao sita na mshauri wa saikolojia. Alinifundisha kuhema mkono ukiwa juu ya kitovu, taratibu, mpaka mkono uinuke. Nikazungumza pia na mweka hazina wetu, nikakubaliwa kupeleka nusu kila Jumatatu. Sijapona kabisa. Lakini zamani niliumwa siku tano kwa wiki, sasa moja au mbili.

Nyota niliyoikata ni ya choo. Kliniki ya tumbo, choo kimoja, wanaume na wanawake, na komeo limevunjika! Mgonjwa wa kuharisha hawezi kusubiri foleni. Karatasi yao ya vyakula pia ina matunda ambayo sijawahi kuyaona sokoni. Mshauri aliniandikia upya kwa mkono. Na bei ni nzito kwetu wafanyabiashara wadogo: elfu 40 mara ya kwanza, elfu 30 kila kikao, bima haihusiki.

Chukua namba kabla ya saa mbili asubuhi. Beba vyeti vyako vya zamani vyote. Daktari atavisoma, akishakusikiliza.